Njia za Vumbi, Baiskeli na Mawe ya Usukuma

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, ukaipita Igoma na kufika Kisesa, lami inaendelea mbele kwenda Nyanguge na Magu. Juu yake kuna mabasi ya mikoani, malori ya samaki na daladala zinazogombea abiria. Mwendesha baiskeli anabaki na ukanda mwembamba wa pembeni, macho mbele na masikio nyuma. Lakini kuanzia hapo Kisesa, kila baada ya mwendo mfupi, zinachepuka njia za vumbi: kushoto kuelekea ziwani, kulia kuelekea ndani ya Usukuma. Kunja kwenye mojawapo. Mwanzoni honi bado zinasikika. Ukishayapita majabali ya kwanza zinakatika, na unaanza kuisikia tairi yako mwenyewe ikisaga changarawe.

Nimekuwa nikiziendesha njia hizi kwa miaka sasa, mwisho wa juma na sikukuu, na kadiri ninavyozizoea ndivyo ninavyoamini kwamba Kanda ya Ziwa ina utajiri ambao hakuna aliyekaa chini kuuhesabu. Tuna mtandao mkubwa wa njia za udongo zinazopitika, ambazo gari likipita watoto wanatoka nje kulitazama. Zinaunganisha vijiji, magulio, misikiti, misheni, shule, visima na mialo. Watu wa nchi nyingine wanavuka bahari na kulipa fedha nyingi kutafuta njia za namna hii. Sisi tumezikuta mlangoni.

Huko nje mchezo huu wa kuendesha baiskeli kwenye njia za vumbi una jina, gravel, yaani changarawe, na una kalenda. Mwaka 2006, karibu na mji wa Emporia katika jimbo la Kansas, Marekani, wapanda baiskeli wachache walianza mbio kwenye barabara za mawe za vilima vya Flint Hills. Leo mbio hizo zinaitwa Unbound Gravel, na umbali wake unaojulikana zaidi ni maili 200, yaani kilomita 320 na ushee. Mwaka 2022 shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, lilifanya mashindano yake ya kwanza ya dunia ya changarawe huko Veneto, Italia. Jirani zetu wa Kenya nao hawakukaa nyuma. Migration Gravel Race ilianza 2021 katika nchi ya Wamaasai upande wa Mara, na kupitia Team Amani vijana wa Afrika Mashariki wamekwenda kushindana na wenzao wa Ulaya na Marekani kwenye vumbi lao. Nahodha wa timu hiyo, Suleiman Kangangi, alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont. Ninamtaja kwa heshima, kwa sababu alikuwa miongoni mwa watu waliotuonyesha kwamba njia tulizokulia ni kiwanja cha mchezo.

Picha zinazotumika kuutangaza mchezo huo mara nyingi ni za mizabibu. Unaona safu za mizabibu kulia na kushoto, msitu juu ya kilima, na barabara nyeupe ikipita katikati bila gari hata moja. Ni picha nzuri na sina ugomvi nayo. Mizabibu ya kwetu iko Dodoma, huko Hombolo, Bihawana na Makutupora, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na aliye huko ana bahati yake. Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria tuna pamba, mpunga, mihogo na viazi vitamu, tuna misonobari ya Ukerewe na Buchosa, na tuna mawe.

Mawe ya Mwanza kila mtu anayajua kwa picha ya lile la Bismarck lililosimama majini. Ila ukiyaangalia kutoka mjini unayaona kama pambo tu. Ukiwa juu ya baiskeli unajifunza kwamba ndiyo yaliyoitengeneza nchi nzima unayoikanyaga. Ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kwa muda wote huo jua na mvua vimekuwa vikiyamenya na kuyamega. Chembe zake zinashuka chini ya kilima, kubwa zikitua karibu na ndogo zikienda mbali. Ndiyo maana udongo wa Usukuma unabadilika kwa mpangilio, na mkulima wa huku ana jina la kila hatua. Karibu na mawe ni luseni, mchanga mwepesi wa mihogo na karanga. Ukishuka unakuta itogolo, udongo mgumu wa rangi ya kijivu unaotuamisha maji, na ndipo yalipo majaruba ya mpunga. Chini kabisa, bondeni, ni mbuga, ule udongo mweusi.

Mtembea kwa miguu anaweza kupita bila kuligundua hilo, na aliye ndani ya gari ndiyo kabisa. Mwendesha baiskeli hana pa kukwepa. Kwenye luseni gurudumu la mbele linazama na usukani unataka kwenda kwake. Hapo unalegeza mikono, unarudisha uzito nyuma, unazungusha pedeli kwa gia nyepesi bila kusimama, kwa sababu ukisimama kwenye mchanga kuanza upya ni kazi. Ukifika kwenye itogolo wakati wa kiangazi unashukuru: ni gumu, limesawazika, baiskeli inakimbia yenyewe na unasikia hewa masikioni. Mbuga ikiwa kavu imepasuka mipasuko ya kutosha kumeza tairi nyembamba, kwa hiyo unafuata msitari wa ng'ombe, ambao wameshaisaga kwa kwato. Na mbuga ikinyeshewa, shuka ubebe baiskeli. Tope lake linashika gurudumu kama ugali mbichi unavyoshika mwiko, na ukilazimisha utakata cheni.

Kwa hiyo safari ya asubuhi moja, kutoka jabali hadi bonde hadi jabali jingine, ni somo la ardhi ambalo mimi sikulipata shuleni. Sasa nikiona shamba la mihogo kwa mbali najua mchanga unakuja. Nikiona majaruba najua nitapumzisha miguu.

Watu wengi wanaoniona njiani huniuliza bei ya baiskeli. Wanadhani bila mashine ya kigeni mchezo huu hauwezekani, na ningependa kuliweka hili sawa. Baiskeli ya changarawe inayouzwa leo Ulaya ina gia nyepesi za kupandia, breki za diski, usukani uliokunjwa chini na tairi pana kidogo, mara nyingi kati ya milimita 38 na 45. Upana huo wa tairi ndio kiini cha mambo yote. Unaruhusu upepo kidogo ndani, tairi inalala juu ya jiwe badala ya kurushwa nalo, na mgongo wako unapona. Sasa nenda kwenye mwembe wowote wa kijiji ukaitazame Phoenix iliyoegeshwa hapo. Tairi yake ni ile ya inchi 28 kwa moja na nusu. Upana wake ni milimita 40.

Milimita 40! Babu aliyebeba magunia mawili ya mkaa kwenda Kisesa tangu miaka hiyo yote alikuwa juu ya tairi ambayo watengenezaji wa leo wanaiuza kama ugunduzi. Fremu yake ndefu, iliyolala nyuma, inatulia kwenye mashimo. Kilichopungua ni gia za kupandia mlima na breki za uhakika, kwa sababu zile breki za fito zikishalowa hazishiki. Lakini kwa nchi ya Magu, Kwimba na Misungwi, ambayo ukiondoa vilima vya mawe imelala, Phoenix yenye ringi zilizonyooka na mafuta kwenye cheni inakufikisha popote ninapofika mimi.

Na historia ya njia zenyewe ni ya baiskeli na pamba. Zao hilo lilipotawala uchumi wa Usukuma, vijiji vilihitaji njia za kufikisha pamba kwenye vituo vya kununulia na kisha kwenye jineri. Wakulima wenyewe walijipanga. Mwaka 1952 Paul Bomani na wenzake waliunganisha vikundi vya wakulima wa Kanda ya Ziwa, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kwa kifupi chake, VFCU, ambao ulikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Fedha ya pamba ndiyo iliyoingiza baiskeli nyingi majumbani. Baada ya msimu kijana alinunua baiskeli, baadaye bati, baadaye ng'ombe wa mahari, au kwa mpangilio mwingine kulingana na ukoo. Hadi leo, ukipita Juni na Julai, unakutana na baiskeli iliyofungwa robota la pamba kwenye keria, mwenyewe akitembea pembeni akiisukuma, vipande vyeupe vikibaki vimening'inia kwenye minyaa ya uzio.

Kabla pikipiki hazijaenea, Mwanza na Shinyanga abiria walibebwa kwa baiskeli, keria ikiwa imefungwa mto wa sponji, na zilikuwa zikiitwa daladala. Mbio za baiskeli za kanda hii zinajaza watu barabarani, wanaume kwa wanawake. Mtu akiniambia mchezo huu ni wa kigeni, namwambia aende gulioni siku ya gulio akaangalie zimeegeshwa ngapi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Wanaosifia njia zisizo na magari huko Ulaya husifia ukimya. Unaendesha saa nzima hujaona mtu, na hiyo ndiyo raha yenyewe. Usukuma siyo hivyo, na sitaki iwe hivyo. Njia ya vumbi isiyo na magari huku imejaa watu. Wanafunzi wanatoka shule na madumu ya maji. Akina mama wanatoka gulioni na ndoo za dagaa kichwani. Kuna mchungaji wa miaka kumi na ng'ombe arobaini nyuma yake, kuna mzee aliyekaa kwenye kigoda akisuka kamba ya katani, kuna vijana wanafyatua tofali. Wote wako njiani kwa sababu njia ni salama. Mtoto anaicheza. Kuku anavuka anapotaka. Mkutano wa watu wawili unaweza kufanyika katikati ya barabara na wewe ukasubiri, au ukakaribishwa.

Mwendo wa baiskeli unaruhusu salamu, na hiyo ndiyo tofauti kubwa. Kwenye gari unapunga mkono na umeshapita. Kwenye baiskeli, kilomita kumi na tano kwa saa, una muda wa kusema "Mwangaluka!", ukajibiwa, ukaulizwa watoka wapi na waenda wapi, na ukamjibu mtu kabla hujapotea kwenye kona. Kwa mzee unashuka kabisa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Mhola?" "Mhola." Baada ya hapo umeshakuwa mgeni wa mtu. Unaonyeshwa njia ya mkato isiyo kwenye ramani ya simu, unaambiwa daraja la miti la mbele limeondoka na mvua, unaulizwa kama umekula.

Na mara nyingi unakula. Michembe ni chakula cha safari ambacho hakijapata mshindani kwangu. Ni vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, haviharibiki, havivunjiki, havichuruziki mfukoni. Viazi vikichemshwa kabla ya kukaushwa ndiyo matobolwa, na ukipewa hayo na karanga au maziwa ya mgando chini ya mwembe, unanyanyuka na nguvu za kukufikisha jioni. Wenzangu wengine wanabeba vipande vya vyakula vya pakiti. Kila mtu na tumbo lake, mimi nabeba michembe.

Fundi baiskeli naye ni sehemu ya njia. Karibu kila kijiji kikubwa anaye, kwenye kivuli, na karai la maji, msasa, sulusheni na tyubu kuukuu za kukatia viraka. Utamhitaji, kwa sababu mbigili wapo. Hiyo miiba midogo inayotambaa pembezoni mwa njia inatoboa tairi bila kelele, na ukiuchomoa mwiba kabla hujafika kwenye kivuli unafungulia upepo wote. Acha ukae hapo hapo, pampu, songa mbele, chomoa ukifika. Miiba ya migunga ni mirefu zaidi na haina huruma, ila hiyo angalau unaiona.

Kuhusu majira, nitasema kifupi. Kiangazi cha kati ya Juni na Septemba ndicho kizuri, mbuga zinapitika na pamba iko njiani. Mvua za vuli zikianza kuelekea Oktoba vumbi linatulia na nchi inakuwa ya kijani, ni wiki ninazozipenda sana kama utakaa kwenye luseni na kukwepa mabonde. Machi hadi Mei, kaa karibu na mawe.

Upepo unataka maelezo zaidi, kwa sababu wengi wanaupanga vibaya. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, hivyo alfajiri hewa inatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana jua linaichemsha nchi kavu, na upepo unageuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu. Ukianza safari asubuhi kwa kwenda ndani na kurudi mchana kuelekea ziwani, siku nyingi utapigwa usoni mara mbili. Fanya kinyume. Asubuhi teremka ziwani, kwa mfano kwa njia zinazoelekea Kayenze, ufike wakati wavuvi wa usiku wanashusha dagaa na akina mama wanawatandaza mchangani au kwenye vichanja. Kunywa chai na chapati pale mwaloni. Kisha upepo ukigeuka uanze kwenda ndani, ukisukumwa mgongoni. Jambo moja la kuzingatia ukiwa mwaloni: usiingie majini kujimwagia hata kama joto limekuzidi. Kichocho kipo kwenye kingo za ziwa, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Omba maji ya bomba au ya kisima.

Anayetaka msitu avuke maji. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya maziwa ya Afrika, kilomita za mraba 530 hivi, na kwa baiskeli ni ukubwa unaofaa kabisa, siku mbili tatu bila haraka. Unapanda meli Mwanza na baiskeli yako, unashukia Nansio. Kuanzia hapo magari ni machache na njia ni nyingi. Mashamba yamebanana, mihogo, mpunga na machungwa, nyumba haziko mbali na nyumba, na kila kilomita unaliona ziwa upande mmoja au mwingine. Ukielekea magharibi unafika Rubya, kwenye shamba la miti la Wakala wa Huduma za Misitu. Hapo mambo yanabadilika ghafla. Misonobari imesimama kwa safu, barabara za kutolea magogo zinapita katikati, na majani yake makavu yamefunika udongo kiasi kwamba tairi haitoi sauti tena. Joto linashuka. Harufu ya utomvu inakaa kwenye nguo hadi nyumbani. Kisha unaona mwanga kati ya vigogo, na ni ziwa, na kwazi analia juu ya mti wa mwisho.

Piga hodi ofisini kabla ya kuingia msituni. Ni shamba la watu linalofanya kazi, kuna siku wanakata miti na siku wana zuio la moto. Nimeambiwa "karibu" kila nilipoomba.

Upande wa Buchosa, ng'ambo ya Sengerema, kuna shamba jingine la miti, Buhindi. Zamani kufika huko kutoka Mwanza ilikuwa lazima upange na kivuko. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na unaweza kulivuka kwa baiskeli na kuona ghuba nzima. Ninafurahi kwamba limejengwa. Nasema hivyo makusudi, maana yanayofuata yanaweza kusikika kama maneno ya mtu asiyependa maendeleo.

Lami inakuja. Inapaswa kuja. Mama mjamzito wa Kwimba anayebebwa kwa pikipiki usiku kwenye makorongo hahitaji kusikia kutoka kwangu kwamba vumbi ni zuri. Mkulima anataka lori lifike shambani kabla pamba haijanyeshewa. Lakini nimeona kinachotokea njia ikishawekwa lami. Magari yanaongezeka na mwendo unaongezeka. Mchungaji anahamishiwa mtaroni. Wale wanafunzi na madumu yao wanatembea kwa msitari mmoja ukingoni, mkubwa akimshika mdogo mkono. Mzee wa Phoenix anashuka kila akisikia basi, anasubiri kwenye majani, anapanda tena. Mzee mmoja wa upande wa Magu aliniambia amekwishaiacha baiskeli, siyo kwa sababu ya magoti. "Barabara imekuwa ya wenye haraka," alisema. Kijiji kilipata barabara na kikapoteza njia.

Waitalia walipambana na jambo linalofanana na hili. Huko Tuscany barabara nyeupe za changarawe, zinazopita kwenye mizabibu ya Chianti, zilikuwa zikifunikwa lami moja baada ya nyingine. Mwaka 1997 Giancarlo Brocci alianzisha pale Gaiole mwendo wa baiskeli kuukuu ulioitwa L'Eroica, na shabaha yake mojawapo ilikuwa hiyo: watu wazione barabara nyeupe, wazipende, zisifutwe. Miaka kumi baadaye, 2007, zikaja mbio za weledi kwenye barabara hizo hizo, zinazojulikana leo kwa jina la Strade Bianche na kumalizikia katikati ya mji wa Siena. Sasa vumbi la Chianti ni mali. Wenye nyumba za wageni wanaishi kwalo.

Sisi hatuhitaji kuchagua kati ya lami na vumbi, kwa sababu nafasi ipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza eneo la hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati. Hizo ni mita 60 kwa jumla. Lami yenyewe pamoja na mabega yake haifiki hata robo ya upana huo. Watu walihamishwa kupisha hifadhi hiyo, nyumba zikawekwa alama ya X nyekundu, miembe ikakatwa. Katika nafasi yote iliyobaki, mita tatu tu za moramu iliyoshindiliwa, nje ya mtaro, zikitenganishwa na magari kwa safu ya miarobaini, zingewarudishia njia wanafunzi, ng'ombe na baiskeli. Greda liko pale pale na kifusi kinachimbwa jirani. Kinachotakiwa ni karavati kurefushwa kidogo ili njia hiyo nayo ivuke korongo, na mchoro kuonyesha hivyo tangu mwanzo, maana baada ya mkandarasi kuondoka hakuna anayerudi kurefusha karavati.

Na kwenye barabara za wilaya, zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ilipoanzishwa mwaka 2017, pale ambapo barabara mpya inanyooshwa na kona za zamani kuachwa, zile kona zisigawiwe viwanja. Ziachwe. Ndizo zinazopita kwenye kisima, kwenye mwembe wa mikutano na kwa fundi baiskeli.

Mikutano ya vijiji ambako mambo haya huletwa ni ya wazi. Wenye baiskeli ni wengi kuliko wenye magari kwenye karibu kila mkutano huo, ila sijawahi kusikia suala lao likiwekwa kwenye ajenda. Nimeanza kuhudhuria ninapopita, kama mgeni anayeomba nafasi ya kusema, na wazee wamenipa.

Mwezi wa nane, pamba ikiwa imeshauzwa na mbuga zimekauka, baadhi yetu tutatoka Misungwi saa kumi na mbili asubuhi, tupite njia za ndani hadi Sumve, tulale Ngudu, na kurudi siku ya pili kwa upande mwingine. Tunaenda kwa mwendo wa anayeenda polepole zaidi. Njoo na maji lita tatu, tyubu ya akiba, kofia na baiskeli yoyote uliyonayo. Yenye keria itatufaa zaidi, kuna mtu atabeba michembe.